Kamba Iliyosinyaa na Nyasi za Bahari

Mwaka umetimia, dada yetu mpenzi, tangu Mwenyezi Mungu alipoitwaa amana yake. Wenzako walikuita mtaalamu wa viumbe wa baharini. Wanafunzi wako walikuita Bibi Nyasi, nawe ukaitika.

Ulikuwa mpole wa kauli, mkali wa kazi. Kila jiwe ulilolifunua majini ulilirudisha lilivyokuwa, ukisema, "Humu mna wenyewe."

Miaka tisa ulizipima nyasi ziotazo chini ya maji, malisho ya kasa na malezi ya samaki wachanga, kwa kamba yako ya nailoni yenye alama za rangi. Kila mwaka vipimo vilionyesha kuwa zinaenea, na cheo cha uprofesa kikakaribia.

Kisha Mama akataka zulia la sebuleni. Ukapima kwa kamba ileile: mita nne na robo, katika chumba kilichojengwa kwa mita nne.

"Nyumba imenenepa kama mwenyewe," Mama akasema, akicheka.

Wewe hukucheka. Ulileta futi ya chuma, ukapima tena, ukaketi sakafuni. Nyasi hazikuwa zimeenea. Kamba ndiyo iliyosinyaa kwa chumvi na jua.

Kaka yako mkubwa alikushauri, "Subiri wakupandishe cheo, kisha usahihishe."

"Kaka, wewe unayetusomesha kuwa ushahidi ni amana, leo wataka niutie mfukoni?"

Hata leo anakushukuru kwa kumnyamazisha.

Mbele ya jopo la kupandisha vyeo uliitandaza kamba kando ya futi. "Waheshimiwa, bahari haikukosea. Nimekosea mimi, sikuipima kamba yangu." Cheo kilikupita. Ukaanza upya, miaka mitatu, magoti majini, mpaka maradhi yalipokulaza.

Mwezi uliopita wanafunzi wako walikamilisha sehemu uliyoibakisha. Nyasi zinapungua, hasa pale nanga zinapozing'oa. Wenye vyombo waliitwa wasomewe vipimo, nasi tulitazamia mabishano. Nahodha mmoja mzee aliuliza swali moja tu: "Amepima yule mama wa kamba, aliyejisahihisha mwenyewe?" Akaambiwa ndiye. "Basi tuhamishe nanga," akasema, na wenzake wakamfuata.

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, wanao wawili, kaka zako, wifi zako na wanafunzi wako wote. Mola akulaze mahali pema. Hatutakusahau maadamu tungali hai.