Mjomba Hakuwa Amelala

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe kumi na nne

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mwenye mdomo. Hujambo wewe na wifi yangu? Watoto wamepona mafua? Na hilo goti linaendeleaje, bado unashuka ngazi kinyumenyume? Sisi huku tu wazima, na Mama ni mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Ulipopiga simu tulikwambia kwamba Mama ametolewa mawe kwenye nyongo na mambo yamekwenda vizuri. Kweli yalikwenda vizuri, ila mwishoni. Ya katikati tulikuficha, maana huko uliko ungefanya nini zaidi ya kukosa usingizi? Sasa lazima nikueleze, kwa kuwa nawe mwezi ujao unapasuliwa goti.

Siku moja kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikuja kumhoji Mama. Akauliza kama kuna ndugu yeyote aliyewahi kupata matatizo na dawa ya usingizi. Mama akajibu hapana, bila hata kufikiri. Mimi nilikuwa pale pale nikimenya chungwa, nikaitikia kwa kichwa.

Sasa niambie, mjomba wetu kinyozi tunamwitaje? Mjomba Usingizi. Alipopasuliwa kidole tumbo sisi tukiwa wadogo, wenzake waliopasuliwa siku ile waliamka wakaanza kuomba maji, yeye kimya mpaka jioni. Kisa hicho kimetuchekesha kwenye kila harusi. Kila alivyojitetea kwamba hakuwa amelala, kwamba alikuwa akiwasikia wauguzi wakibishana juu ya timu zao, ndivyo tulivyozidi kucheka. Kwetu lile halikuwa tatizo, lilikuwa kichekesho, na Mama ndiye aliyetunga jina.

Basi upasuaji ukaisha mapema. Nikakaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa, wapi. Daktari akatoka, akaniambia Mama hawezi kupumua mwenyewe na amehamishiwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Akanikalisha, akanieleza taratibu. Mgonjwa akishalala hupewa dawa nyingine ya kulegeza misuli, ili waweze kupitisha bomba la kupumulia kooni. Miili ya watu wengi huivunja dawa ile kwa dakika chache, lakini wa Mama ulikuwa haujaivunja. Mashine ilikuwa inampumulia, nao wanamlaza makusudi, asije akazinduka mwili ukiwa bado umelegea akaogopa. Akasema nguvu zitarudi, tumpe muda. Halafu akauliza tena kama kweli hakuna ndugu aliyewahi kuchelewa kuamka.

Hapo jina la Mjomba likanijia, na safari hii halikunichekesha.

Nilimpigia. Alikuja mbio na aproni yake ya kazini, mteja kamwacha kanyolewa upande mmoja. Akamwambia daktari yale yale tuliyoyasikia miaka yote, kwamba alisikia kila kitu ila hata ukope hakuweza kuuinua. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akamwomba aanze mwanzo. Mjomba alisimulia huku machozi yakimlengalenga, maana hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Alipofika mahali ambapo mashine ilikuwa ikimpumulia, naye akidhani anazikwa hai, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Waliniruhusu nikae na Mama. Walikuwa wamemfunga mkononi kijimashine kinachoshtua mshipa wa fahamu, nami kazi yangu ikawa kukitazama kidole gumba chake; kikiruka, ndiyo dalili kwamba nguvu zinarudi. Unavijua vidole vyake vile vya fundi wa makochi, vinavyovuta uzi wa katani utadhani ni uzi wa kushonea vifungo. Kilikuwa kimelegea tu. Alasiri kikaruka kidogo. Kikakaa, kikaruka tena kwa nguvu, mpaka muuguzi akatabasamu. Wakapunguza dawa ya usingizi, akafumbua macho, akaambiwa ainue kichwa asikishushe. Akakiinua akakikaza kama anayegombana na mtu. Akaambiwa abane mkono wa daktari. Aliubana mpaka daktari akaomba arudishiwe mkono wake. Bomba lilipotolewa, neno lake la kwanza, sauti ikikwaruza, lilikuwa kuuliza nani amefunga karakana. Nililia kwa furaha bila aibu.

Sasa yuko nyumbani. Haruhusiwi kuinua kitu kizito, kwa hiyo anatuinulia sauti. Jana alikaa mlangoni mwa karakana akamfumulisha msaidizi wake mshono wa kochi zima.

Mjomba naye hashikiki. Kila anayekaa kwenye kiti chake cha kinyozi anasimuliwa, na mtu mwenye wembe shingoni ataenda wapi? Alipokuja kumjulia hali, Mama alimshika mkono muda mrefu, akamwambia, "Kaka yangu, nisamehe. Ulikuwa unatuambia." Mjomba akasema atasamehe akishonewa kiti kipya cha saluni, lakini wote wawili walikuwa wanafuta macho.

Vipimo vya damu vimeonyesha wote wawili wana hali hiyo ya mwili kushindwa kuivunja dawa ile upesi, nayo ni ya kurithi. Daktari anasema huenda nasi tunayo, huenda hatuna. Mimi nimeshatolewa damu, nasubiri majibu. Anasema haimdhuru mtu katika maisha yake ya kila siku, mradi daktari wa usingizi ajue mapema, maana dawa nyingine za kulegeza misuli zipo.

Msalimie sana wifi, na wabusu wanangu, uwaambie shangazi yao hajawasahau. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Mjomba anakusalimu pia, ila jina lile tumelizika.

Nawe nakujua na utani wako. Wakija kukuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata matatizo na dawa ya usingizi, usicheke, wala usiseme hapana. Sema wapo wawili, mama yangu na mjomba wangu, kisha wasimulie mpaka mwisho.

Mungu akulaze salama, na akuamshe kwa wakati.

Wako akupendaye hata ukimnunia,
Dada yako