Mistari Yangu Juu ya Malimau Yako

Mwalimu,

Picha yako ya mwisho, ile ya malimau na sufuria, itatundikwa mbele ya kanisa Jumapili, kwenye ibada ya kukukumbuka. Mkeo, Mama Odette, ndiye aliyetangaza jana. Alitusogeza waombolezaji karibu na picha, akatuonyesha kwa kidole: "Muone namna alimaliza muzuri. Mgonjwa vile, na mukono haukutetemeka!" Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia.

Mkono ule haukuwa wako. Ulikuwa wangu.

Naeleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari. Ulipolazwa uliniachia ufunguo wa chumba chako cha kuchorea pale mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu, nikifungulie madirisha kisiote ukungu. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, rangi imekauka. Limau la kushoto lilikuwa limeyeyukia kwenye kitambaa, halina ukingo. Sufuria ilikuwa na mkono mmoja wa kushikia. Wa pili ulikuwa umemezwa na mwanga. Nilijiambia ulizidiwa, ukaacha. Miaka mingi nimelipwa kujaza mapengo kwenye maelezo ya watu. Nikachukua brashi yako ndogo kabisa, ile ya kutilia sahihi, nikazungushia limau mstari, nikaongeza mkono wa sufuria. Nilirudi siku ya pili kunyoosha mistari.

Na ulikuwa umenifundisha nisifanye hivyo. Kila Jumamosi nilinakili picha zako kwa brashi nene, nimeishika mwishoni mwa mpini, macho nusu yamefumba. "Weye, Journaliste," ulicheka, "unazungushia limau mustari mpaka kama picha ya kuomba viza! Mwangaza ukikula ukingo, uuache ukule." Niliandika maneno hayo daftarini. Kuandika nikadhani ni kuelewa.

Ulikufa kabla sijakuambia. Juma lililopita, kabla mkeo hajaichukua picha, nilifanya ulichonilazimisha mara nyingi: nilisimama mlangoni nikaitazama kwa mbali. Limau langu limekaa kama kifungo cha koti. Lile la kulia, ambalo sikuligusa, lina mipigo minne tu ya brashi, na ndilo pekee lenye maji ndani.

Nimewahi kukosea gazetini. Huandikwa masahihisho, kesho yake watu husoma mengine. Hapa sijui masahihisho yanaandikwaje. Mama Odette anajifariji kwa mkono usiotetemeka, nami nitamnyang'anya faraja hiyo. Njia ya kunyamaza ipo, tena rahisi. Aibu yangu kubwa ni hiyo: jana niliifuata mchana kutwa, na niliona inapitika.

Lala salama, Papa, mwalimu wangu. Naahidi sitaigusa tena picha yako, hata kwa kuifuta mistari yangu, mpaka mkeo aamue. Nimempigia simu asubuhi hii, nikamwambia nina neno kuhusu picha, na lazima alisikie kabla ya ibada. Akasema, "Kuya tu, mutoto wangu." Ananingoja Jumamosi, saa nne.