Kiti Namba Thelathini na Moja

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe nikiruka salamu kidogo, maana nikianza nazo ujasiri utaniishia. Aliyepiga kelele bungeni ni mimi, si Dada. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Haya, goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ghorofa zote zile kwenda kazini? Sisi hatuumwi, ila Mama hali wala halali.

Najua mmesikia Dada amekamatwa. Ilikuwa hivi. Waziri alikuwa anazungumzia soko ambako Dada ana cherehani yake, tukaenda kusikiliza. Mlangoni karani aliandika jina la kila mgeni na namba ya kiti chake. Mimi nilipewa kiti cha nyuma ya nguzo, nikawa sioni kitu. Dada akanipa chake, thelathini na moja.

Waziri akasema mafundi wote wamekubali kuhama kwa hiari yao. Shangazi, unanijua. Mgeni akija najificha jikoni, na hapa nyumbani wananiita Bubu. Sijui sauti ile ilitoka wapi: "Mwongo! Hakuna aliyeulizwa!" Ukumbi mzima uligeuka.

Karani akapekua daftari lake mpaka kiti thelathini na moja, askari wa Bunge akaita jina la Dada. Miguu yangu ilikuwa bado haijakubali kusimama, Dada akawa ameshasimama. "Ni mimi, afande. Twende." Askari akamvuta mkono huku akirudi kinyumenyume, akakosa ngazi, akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono. Dada hakumgusa. Tena ndiye aliyemwokotea kofia!

Jana askari huyohuyo kaja mahakamani na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Dada amesomewa makosa mawili. Kuvuruga kikao cha Bunge, hadi miaka miwili. Kumshambulia askari wa Bunge akiwa kazini, hadi miaka saba. Miaka saba, Shangazi, na mtoto wake ndiyo kwanza anaota meno! Nilitaka kung'ata benchi.

Sipingi askari walindwe. Marehemu Baba alikuwa mlinzi, na mara ngapi alirudi nyumbani jicho limevimba? Lakini walindwe dhidi ya ngumi, si dhidi ya ngazi. Nimekwenda maktaba nikaisoma sheria yenyewe, kifungu kwa kifungu. Ya mgeni kupiga kelele imo. Ya waziri kudanganya watu kwenye kipaza sauti nimeitafuta mpaka wakafunga, sijaiona.

Dada naye ananiudhi. Nilipompelekea nguo mahabusu alininong'oneza, "Koma kabisa. Umemaliza shule juzi, ukiwa na kesi nani atakuajiri?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimejiajiri. Nenda, mtoto anakungoja."

Nikamtii, kama kawaida yangu. Njia nzima nilikuwa najitukana. Nani alimwomba anibebee? Angeniuliza kwanza! Waziri hakuwauliza mafundi, na yeye hakuniuliza mimi.

Kesi itasikilizwa tena Jumatatu. Nitasimama nimwambie hakimu nani alikaa wapi, na askari alianguka vipi. Miaka miwili ni yangu kama wanaitaka, lakini ile saba si ya mtu yeyote. Naogopa. Hata hivyo nitakwenda, na sauti isipotoka nimeandika yote kwenye karatasi.

Nisalimie Bibi, wabusu mapacha, na umwambie binamu viatu alivyonitumia vinanitosha. Ndivyo nitakavyovaa siku hiyo. Mungu awaweke wote salama, na goti lako alipoze.

Shangazi, ukimpigia Mama simu, zungumza naye habari za goti tu. Akijua atanifungia chumbani na ufunguo ataufunga kwenye kanga. Nifichie mpaka Jumatatu mchana. Baada ya hapo mwambie kila mtu.

Mimi nikupendaye daima,
Kitinda mimba wa kaka yako