Kovu la Shingoni mwa Daktari

Wanangu,

Mama yenu nimempeleka kupasuliwa tezi ya shingo. Chakula kimefunikwa jikoni; mlango wa uani ufungwe. ~~Msije hospitali.~~ Njooni saa kumi.

Asubuhi kaka yenu alinifokea: "Baba, huyo daktari msichana nani anamjua? Unataka mama afanyiwe majaribio?" Nilikuwa nimekasirika, nikamshika mama yenu mkono tukaondoka.

Jibu ni hili. Nilimwuliza daktari wetu wa siku zote, "Bingwa ni nani?" Akamtaja mkubwa wake wa kazi. Ndipo nilipoliona kovu shingoni mwa daktari wetu mwenyewe, nikauliza, "Na wewe hapa alikupasua nani?" Akacheka kwa haya, akamtaja huyo msichana. Madaktari wenzake wawili nao, nilipowauliza wangepasuliwa na nani, walimtaja huyo huyo.

Hata hivyo ninaogopa. Kaka yenu naye aje na hasira zake, mradi aketi karibu nami.

Baba yenu