Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Kijiji cha Ujamaa Namtende,
S.L.P. 40,
Mtwara.
5 Mei, 1975.

Mpendwa mpwa wangu Yohana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na mkeo Sabina pamoja na watoto. Je, kifua cha Sabina ulichokitaja kimepona? Na kazi ya bandarini inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua tangu masika yaanze, na wiki iliyopita nilishikwa na homa siku mbili. Sasa nimepoa.

Barua yako ya tarehe 9 Aprili niliipokea tarehe 28. Nimechelewa kuijibu, na si kwa sababu ya homa.

Umeniandikia ukurasa mzima wa shukrani kwa jinsi nilivyomtunza mama yako hadi saa yake ya mwisho. Umesema pia kwamba mlinzi aliyeharibu mitumbwi siku ya mafuriko anastahili kufukuzwa kijijini, na kwamba unaniunga mkono. Yohana, nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sijapata kusoma insha yenye makosa makubwa kama hayo mawili. Wala makosa si yako. Uliandika hivyo kwa sababu mimi nilikupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni hii.

Unajua kwamba mitumbwi yetu yote kumi na miwili ilifanywa kuwa mali ya kijiji. Watu walikuwa wakiichukua wapendavyo, huyu kwenda kuvua, huyu kuvusha jamaa zake, na mara mbili tulikosa mtumbwi wa kumpeleka mgonjwa Kitaya. Nikiwa katibu, nilipendekeza kwamba kila jioni mitumbwi yote ifungwe kwa mnyororo mmoja wenye kufuli kwenye mkwaju ulioko dikoni, pale inapoegeshwa, na kila atakayefungua aandike jina lake katika daftari. Nilipigiwa makofi. Ufunguo nikakaa nao mimi.

Mlinzi wa diko alikuwa Mohamedi, jirani wa mama yako. Alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la kisomo, akikaa nyuma kabisa. Mkono wake umezoea pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Kalamu alikuwa akiishika kama anayetaka kuichomeka mtoni.

Jumamosi tarehe 22 Machi, mchana, alikuja nyumbani. Mto ulikuwa umebadilika rangi, unashusha magogo na mafungu ya nyasi yenye mizizi yake, na viboko walikuwa wamehama bondeni wakaingia mashamba ya mihogo ya juu. Alijua kwamba kesho yake ningekwenda kigangoni kwa ibada ya Matawi, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kwamba ningelala huko.

"Mwalimu, utuachie ufunguo," alisema. "Mto huu haupiti njia. Unakuja kukaa."

Nikamwuliza kama ataweza kutia saini katika daftari.

"Dole gumba langu lipo, Mwalimu."

Nilimjibu, mama yako aliyekuwa kwangu siku hiyo akisikia, kwamba dole gumba ni mambo ya wakati wa mkoloni, na kwamba siku atakapoandika jina lake bila kuangalizia, siku hiyo nitampa ufunguo. Niliona nimesema neno zuri la kumtia hamu ya kusoma. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake. Mama yako aliacha kupepeta mchele akanitazama, lakini hakutaka kunikosoa mbele ya mgeni.

Maji yalifika Jumapili asubuhi. Watu walikimbilia dikoni wakaukuta mnyororo. Mto ulikuwa ukipanda, lakini mitumbwi haikuweza kupanda nao kwa sababu ilikuwa imeshikwa puani, ikaanza kujaa maji mmoja baada ya mwingine. Mohamedi akachukua shoka, akaingia majini, akaanza kuikata pua. Aliikata saba; mitano ilizama ikiwa mnyororoni. Minne ilipasuka hadi katikati. Mitatu ikaelea, ingawa kwa shida. Kwa mitatu hiyo, mtu mmoja akipiga kafi na mwingine akichota maji na kuyamwaga nje, waliwavusha watu wote wa kijiji hadi kilimani. Wote, Yohana. Sikumwandikia mtu yeyote neno hilo hadi leo.

Lakini mitumbwi mitatu mibovu haiwezi kufanya haraka kazi ya kumi na miwili. Mama yako hakuweza kukimbia kwa mguu wake ule, akapanda darini. Walipomfikia mara ya kwanza aliwatanguliza watoto wa jirani. Mara ya pili akamtanguliza mama mmoja mjamzito. Alitolewa saa tisa alasiri, na kwa muda mrefu maji yalikuwa yamemfika kifuani hata huko juu. Mohamedi ndiye aliyempandisha kilimani mgongoni. Mkewe, Mwanakombo, ndiye aliyemvua nguo zilizolowa akamfunika kwa kanga zake mwenyewe.

Mimi nilifika Jumanne, kwa maana njia ilikuwa chini ya maji. Nilimkuta mama yako ana kichomi, anapumua kwa taabu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kaka, ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

Akafumba macho. Jumatano kabla ya adhuhuri alitutoka.

Unajua mjomba ni nani kwetu Wamakua. Dada yangu alikabidhiwa kwangu, na wanawe ni wanangu. Mengine yote niliyofanya duniani nilijichagulia mwenyewe. Kazi hiyo moja nilizaliwa nayo.

Baada ya mazishi niliandika taarifa ya kijiji. Niliandika: "Mitumbwi saba iliharibiwa kwa shoka na mlinzi." Hamna neno la uongo humo. Ufunguo sikuutaja. Kwa taarifa hiyo Mohamedi alivuliwa ulinzi, na ikapangwa kwamba mkutano wa kijiji uamue kama aondolewe Namtende pamoja na watu wa nyumba yake. Barua niliyokuandikia wewe niliinakili kutoka katika taarifa hiyo.

Watu walijua. Hakuna aliyethubutu kuniambia ila mtani wetu Zuhura, Mmakonde wa Kitaya. Siku ya kuondoa matanga aliingia uani amevaa koti langu na miwani yangu, kijiko kimening'inia shingoni kwa uzi kama ndio ufunguo, anatembea wima kama mimi. Akasimama mbele ya wanawake akaita kuelekea mtoni: "We unayezama huko, njoo kwanza utie saini. Huna kalamu? Basi zama polepole, darasa ni kesho." Watu walicheka hadi wakatoa machozi. Hata mtoto mdogo anajua kwamba mtani hakasirikiwi. Mimi nilisimama nikamwamuru avue koti langu aondoke. Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka mikononi mwangu.

"Pole, mtani," akasema. "Naona leo limekubana."

Hata hapo sikukiri. Ilinilazimu kusoma shukrani zako kwa macho yangu, na hukumu yako juu ya Mohamedi chini yake, ndipo nikashindwa kuendelea.

Mkutano ulifanyika juzi, Jumamosi. Mwenyekiti Saidi alipoita shauri la Mohamedi, niliomba nitangulie kusema. Nikasoma barua yako yote kwa sauti, bila kuruka mstari. Hata pale uliposema afukuzwe nilipasoma, maana niliona haki apasikie kutoka kinywani mwangu. Kisha nikasema kwamba shukrani hizi zimeandikiwa mtu asiyestahili, nikaeleza habari ya ufunguo kama nilivyokueleza wewe, nikaenda nikaiweka barua mkononi mwa Mohamedi. Niwie radhi. Niliitoa bila idhini yako.

Nilidhani watu watanikemea. Hakuna aliyenikemea, na hilo lilinichoma zaidi ya utani wa Zuhura. Mohamedi aliishika barua, maandishi yakiwa juu chini, akaikunja. Mwenyekiti akamwuliza ana neno gani.

"Sina neno refu," akasema. "Ulinzini narudi. Ila mitumbwi ifungwe kwa kamba. Kamba hata mtoto anafungua."

Likapita. Mimi nimejiuzulu ukatibu, na hakuna aliyenizuia. Asubuhi tukikutana Mohamedi huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa heshima ileile ya zamani. Darasani haji tena, wala sina uso wa kumwuliza.

Kuhusu mambo mengine, mpunga wote umefunikwa na matope, lakini mikorosho ya juu imesimama. Mitumbwi miwili mipya inachongwa. Sanduku la mama yako lilipatikana limekwama kwenye matete, na ndani mna kanga tatu na rozari yake. Nimemkabidhi dada yako Modesta, aliyekuja kutoka Likombe kwa ajili ya arobaini. Tuliifanya jana. Padre hakuweza kufika. Katekista aliongoza sala.

Uliagiza kwamba kwenye msalaba liandikwe jina la mama yako, na chini yake jina langu, kama kaka aliyemtunza. Msalaba umewekwa. Jina langu halimo.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie Mohamedi. Ulimhukumu kwa maneno yangu, basi umsafishe kwa maneno yako mwenyewe. Usiipitishe barua hiyo kwangu. Binti yake Asha yuko darasa la sita, atamsomea.

Nisalimie Sabina na watoto, na umfikishie salamu mzee Paulo, jirani yako. Modesta anakusalimu, na shangazi yako Esta pia. Anasema mbegu ya mihogo uliyoiulizia ipo. Mungu aliyempokea mama yako awalinde ninyi nyote mnaoishi kando ya maji, na akujalie moyo mpana kuliko wangu.

Ikiwa baada ya kusoma haya utaona vigumu kuniita mjomba, niite kwa jina langu. Nitaitika.

Mimi nikupendaye,
Josephu Nambunga