Kipanya Nilichompa Abdirizak

Jumatano, baada ya adhuhuri. Garissa.

Jua la leo halina adabu. Feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona moja hadi nyingine, na mimi nimekaa mlangoni nikitazama sufuria kuukuu pale uani. Ndani yake kuna mchanga, na juu ya mchanga kuna betri moja ndogo.

Naogopa. Acha niseme hilo kwanza.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu. Naletewa vifaa vya kompyuta, navitumia wiki mbili tatu, naandika ukweli. Mwezi uliopita muuzaji mmoja wa Nairobi alinitumia kipanya cha gemu kisicho na waya pamoja na vikorokoro vyake: kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kitako cha kuchajia, betri mbili za kubadilishana, vyuma vya kuongeza uzito, na raba za kubandika ubavuni ili kisiteleze.

Kipanya chenyewe ni kitamu, siwezi kudanganya. Chepesi, na kinaitika kidole kikigusa tu. Raba zilibanduka siku ya tatu kwa jasho, na vyuma sikuona kazi yake. Kilichonitia shaka ni kitako. Kinachemka, na hakina taa ya kuonyesha betri imejaa. Nilikuwa naandika hayo asubuhi moja nilipoona kifuniko cha betri hakikai sawa. Kilikuwa kimeinuka ubavu mmoja, kiasi cha unene wa kucha.

Nikakibonyeza kwa kidole gumba, kikarudi. Hilo sikuliandika.

Siku hiyo hiyo akapita binamu yangu Abdirizak, akirudi kwake Griftu, safari ya siku nzima kutoka hapa. Akakishika kipanya, akakigeuza, akacheza nacho saa nzima. "Warya, kitu kama hiki sijawahi kuona!" Akasifu wee, na Mashallah hakuitaja hata mara moja. Hooyo, mama yangu, alikuwa anamimina chai, akanikata jicho. Abdirizak alipotoka kutawadha, akaninong'oneza: "Mpe. Jicho la husuda likishaingia, hicho kitu hakina kheri kwako tena."

Kwetu hilo halibishaniwi. Nikampa, na kitako chake. Akanikumbatia, akaniombea dua ndefu, na Hooyo akaonekana kuridhika na mtoto aliyemlea.

Wallahi haukuwa ukarimu. Nilifurahi kupata njia ya kukitoa nyumbani bila kukitupa na bila kumwandikia vibaya muuzaji.

Leo natafuta kebo kwenye droo, nakuta ile betri ya pili. Nilisahau kumpa. Imefura kama mahamri, na ina harufu tamutamu inayokwaruza koo. Betri iliyofura hivi inaweza kushika moto wakati wowote. Hii niliichaji mara mbili tu. Aliyo nayo yeye inachajiwa kila siku.

Abdirizak ana duka. Mbele anauza petroli kwa chupa za soda, kando ya petroli kuna kompyuta yake, na nyuma ya pazia analala yeye, mkewe Hodan, na mtoto ambaye hajafikisha siku arobaini.

Nilimpigia papo hapo. Akacheka. "Hiyo imefura kidogo tu. Nimeifunga na selotepu, iko kwa chaja sasa hivi."

Nikamwambia aizime, watoke nje wote. "Ndugu yangu, kama unakitaka, sema unakitaka. Lakini zawadi haidaiwi namna hii, ni aibu." Akakata.

Namwelewa. Mtu akianza kutaja ubaya wa alichokupa, kwetu tunajua amejuta kutoa. Hata mimi ningekata. Nimepiga tena na tena, sasa simu imezimwa. Hodan hana simu. Nimempata kwa simu mwenye duka jirani na lake, kumbe yuko mnadani na mbuzi wake, atapitia akimaliza.

Akimaliza!

Hooyo anasema tumwachie Mungu. Nimemjibu kwa ukali, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu niwe mtu mzima, akaingia ndani. Yeye anadhani ni lile jicho. Hajui kwamba kifuniko nilikiona kabla mgeni hajavua viatu.

Hata kwenye simu sikulisema. Nilimwambia betri hizi ni mbaya. Kwamba nilijua, hilo nililimeza, kwa sababu sikutaka anidharau. Lingemfanya aniamini. Hakuna mtu anayejiaibisha hivyo kwa ajili ya kurudishiwa kipanya.

Abdirizak, uliniambia mwenyewe kwamba unasoma kila ninachoandika hapa. Ukiwasha simu, usinipigie kwanza. Zima umeme, usikiguse, mtoe Hodan na mtoto. Sikitaki. Kilikuwa kimeharibika mkononi mwangu, nikakiona, na nikakupa huku natabasamu.