Mbabula Ndani ya Chumba cha Mzazi

Sydenham, Durban
14 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Apollinaire,

Pokea salamu zangu za heshima. Mguu wako unaendeleaje? Mama Grâce hajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna amani.

Dada Mireille alijifungua salama mtoto wa kike, Ineza. Baridi ya huku si kali, lakini ni ya unyevu, na nyumba hazikujengwa kwa ajili yake.

Mama Mkubwa Constance aliwasha hita ya umeme mchana kutwa huku mlango wa mbele ukiwa wazi. Nilipoomba tuufunge, alinijibu, “Mlango wa mzazi unafungwa? Unataka watu wa kanisa waseme tunawakimbia?” Joto lote likaishia barabarani. Mwishowe soketi ikaungua, na mwenye nyumba akakataza hita kabisa.

Sasa amenunua mbabula. Anaijaza makaa ya moto, anaiweka karibu na kitanda, na safari hii anafunga kila kitu. Hata nyufa za dirisha anaziziba kwa vitenge, ili mwenye nyumba asione.

Jumapili moja nilitoka ibadani nikamkuta Mireille anatapika, hawezi kusimama, na mtoto amelegea. Nilifungua madirisha, wakapata nafuu. Muuguzi wa kliniki alisema hewa ya makaa ingewaua. Mama Mkubwa alicheka: “Moshi iko wapi, karani? Nionyeshe! Wewe mwenyewe ulikulia kwenye mbabula.”

Ni kweli. Lakini nyumba yetu ya Bukavu ilikuwa na mwanya chini ya mabati, na upepo ulipita. Chumba hiki hakina hata tundu.

Mjomba, yeye anakutii wewe tu, na kila nikibisha ananikumbusha kwamba ni wewe uliyesema mzazi asiguswe na baridi. Nilipokupigia simu ulicheka, ukasema mimi ni mwoga tangu utotoni. Ndiyo maana naandika, ili usome polepole. Tafadhali mwambie mbabula itoke nje. Sina tumaini kubwa kwamba utaniamini.

Kila asubuhi naenda kwenye kazi yangu ya ukarani Clairwood nikijua dirisha litafungwa kabla sijafika kona. Jioni nasimama kwanza mlangoni, nisikilize kama mtoto analia. Akilia, nashukuru.

Nisalimie Mama Grâce, Ciza na Gadiel. Mungu akuzidishie siku zako, na Ineza amwachie zake.

Mpwa wako akupendaye,
Elysée